Mwenye vivimbe vya ovari apimwe na sukari

Mhariri,

Makala nyingi za afya zinazoeleza vivimbe vidogo kwenye ovari, hali ambayo wengi huiita PCOS, huishia kwenye suala la kupata mtoto. Suala hilo ni zito na silidharau, lakini mwanamke anayetoka kliniki na picha ya altrasaundi na vidonge vya kurekebisha hedhi, bila kupimwa sukari, ametibiwa nusu.

Kwa wengi wenye hali hii, misuli na ini haviitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi ili sukari isipande katika damu. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze protini inayozishika homoni hizo katika damu; ndipo yai linaposhindwa kukomaa, hedhi ikapotea kwa miezi, na chunusi na ndevu zikajitokeza. Kongosho likielemewa, kisukari cha aina ya pili huingia, na mwanamke akipata mimba, hatari ya kisukari cha ujauzito nayo huwa kubwa kuliko kwa wenzake. Unene huongeza tatizo, ila wembamba si kinga. Weusi unaojitokeza shingoni na kwapani, ambao wasichana wengi husuguliwa kwa dodoki wakidhaniwa kuwa hawaogi vizuri, mara nyingi ni dalili ya insulini kushindwa kufanya kazi yake.

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unataka hali ya sukari ipimwe mara mwanamke anapogundulika, kisha irudiwe kila baada ya mwaka 1 hadi 3 kulingana na hatari aliyonayo. Kipimo unachokipendelea ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa 2, kwa kuwa sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana sawa ilhali ile ya baada ya saa 2 imefika milimoli 7.8 kwa lita au zaidi, yaani imepita kiwango cha kawaida. Kuchoma kidole mara moja na kumwambia mgonjwa kwamba yuko salama hakutoshi.

Lipo pia suala la metformini. Wapo wanaoiacha dawa hii wakiona imeandikwa kuwa ni ya kisukari, wakiamini daktari amekosea au amewaficha ugonjwa, kwa sababu hawakuelezwa kwamba inausaidia mwili kuitikia insulini na hivyo inaweza kurejesha hedhi. Maelezo hayo huchukua dakika chache. Naomba madaktari wanaoandika katika ukurasa wenu wa afya wayatoe, pamoja na maelezo ya kipimo cha saa 2, ili mgonjwa ajue la kuuliza anapofika kliniki.

Muuguzi mstaafu,
Tanga