Pasipoti ya Marekani ikijaa haiongezwi kurasa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe ndugu zangu wenye pasipoti ya Marekani ambao bado wanaamini kwamba kitabu kikijaa huongezwa kurasa. Huduma hiyo, iliyokuwa ikitia kurasa 24 katikati ya kitabu, ilikomeshwa tarehe 1 Januari 2016, na tangu hapo anayeishiwa na kurasa hana budi kuomba pasipoti mpya, hata kama ya zamani ina miaka mingi mbele yake. Yangu ilijaa mihuri ya Namanga, na ukurasa wa mwisho ukafunikwa wote na viza moja ya kubandika. Nikaikosa arobaini ya mama yangu. Ombeni kitabu kikubwa, yaani chenye kurasa nyingi zaidi, tangu mwanzo, kwani hakina ada ya ziada, ila kile kisanduku cha kutia alama kwenye fomu ni rahisi mno kukipita.

Msomaji wenu,
Minneapolis