Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka huu, iwe shedini, kanisani au kwa kinyozi, nimeulizwa swali moja: "Mwenyekiti, mkataba wa Ulaya si ulishaanza? Mbona bei ya mishiri, haya maharagwe yetu mabichi ya kuuza Ulaya, ni ileile?"

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ni kweli mazao yetu yanaingia Ulaya bila ushuru. Lakini yalikuwa yakiingia hivyo hata kabla. Tofauti ni kwamba mlango uliokuwa wazi kwa hisani sasa uko wazi kwa mkataba. Waliokuwepo Oktoba 2014 wanajua uzito wa jambo hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilichelewa kuelewana na Ulaya, na Kenya ikatozwa ushuru hadi Krismasi. Majirani zetu walipona kwa sababu wamo katika orodha ya nchi maskini zaidi, ambazo Ulaya haizitozi ushuru. Umaskini nao una faida zake!

Upande wa pili, Kenya itapunguza ushuru wa bidhaa za Ulaya polepole kwa miaka 25, na bidhaa nyeti za kilimo zimewekwa kando. Mimi bado naona ingefaa tuingie pamoja na majirani, na nafasi yao ya kujiunga ingalipo.

Sasa ya kwetu. Kreti zilizokataliwa Agosti hazikukwama kwa ushuru, zilikwama kwa mabaki ya dawa ya kunyunyizia. Dawa ambayo Ulaya haijaiwekea kiwango chake, kikomo ni miligramu 0.01 kwa kilo ya mboga. Hapo hakuna cha kubahatisha. Nilipofungua daftari la kunyunyizia la mwenzetu mmoja, nilikuta kurasa tatu za miezi mitatu zimeandikwa kwa kalamu moja, na wino haujafifia popote. Mnunuzi naye aliliona. Malipo ya wiki mbili yakazuiwa, ya waliokosea na ya wasiokosea.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kamati imeamua kwamba kuanzia Januari dawa zote zitanunuliwa kwa pamoja na kufungiwa shedini. Kila atakayechukua atatia saini siku hiyohiyo. Ufunguo utakaa kwa mtunza stoo, wala mimi sitakuwa na wa akiba.