Herufi za mapambo: zinapendeza kwenye simu, zinapotea kwenye kadi na lebo

Dizaini ikitengenezwa kwenye simu, unaikuza kwa vidole mpaka jina linajaza kioo, na kila mkunjo wa herufi unaonekana. Ikifika kwenye lebo ya pakiti ya kahawa ya gramu 250, jina lile lile lina upana wa sentimita sita, na mistari yake myembamba imekatika. Printa haijakosea wala wino haujaisha. Fonti, yaani mtindo wa herufi, imepewa ukubwa isiouweza.

Tuanze na fonti zenye mstari mnene na mwembamba kwa pamoja, zile za mtindo wa Bodoni na Didot ulioanza Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Urembo wake wote uko kwenye tofauti hiyo: nguzo nene, kiungo chembamba kama unywele. Kiungo kikipotea, H inabaki vijiti viwili na e inakuwa c. Fonti ikiwa na neno Display kwenye jina lake, aliyeichora ameshakwambia kwamba ni ya vichwa vikubwa, si ya maelezo.

Hesabu yake ni fupi. Ukubwa wa fonti hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni milimita 0.35. Kama mstari mwembamba ni asilimia 2 ya ukubwa wa fonti, basi kwa pointi 36 una unene wa milimita 0.25, na hapo unasimama vizuri. Kwa pointi 9 unabaki milimita 0.06. Printa ya nukta 600 kwa inchi huweka nukta za milimita 0.04, kwa hiyo mstari huo ni nukta moja na nusu. Mahali pengine itatoka moja, pengine mbili, pengine hakuna.

Fonti yako ina asilimia ngapi? Unaweza kupima nyumbani kwa rula. Andika H kubwa kwa pointi 283, uichape kwenye A4 bila kuipunguza. Pointi 283 ni milimita 100, kwa hiyo unene wa kile kiungo cha katikati, kwa milimita, ndiyo asilimia yenyewe. Kama umepata milimita 2, gawanya 57 kwa 2: usishuke chini ya pointi 28 kwenye kadi laini. Kwa karatasi ya kaki, ile ya kahawia, gawanya 85 kwa 2, utapata pointi 42. Namba hizo zinatokana na kiwango tunachokifuata kwenye uchapaji wetu, kwamba mstari usiwe chini ya milimita 0.2 kwenye karatasi laini na 0.3 kwenye kaki.

Kaki inastahili maneno yake, maana wauzaji wa sabuni, asali na mishumaa wengi wanaipenda, na kweli inapendeza na bidhaa ya mkono. Ila ina nyuzi. Wino wa maji unasambaa kwenye nyuzi hizo, na matundu madogo ya a na e yanazibika. Wino wa unga wa printa ya leza haufiki kwenye mabonde ya karatasi, hivyo mstari unatoka na mapengo. Jambo la pili, printa ya kawaida haina wino mweupe. Maandishi uliyoyaweka meupe yatatoka rangi ya kaki yenyewe. Wala dhahabu inayong'aa haitoki kwenye wino wa rangi nne. Inatoka kama haradali. Dhahabu halisi ni foili inayobandikwa kwa joto na mgandamizo, nayo inataka mistari isiyopungua milimita 0.3, la sivyo inachanika au matundu ya herufi yanafumbwa.

Herufi nyembamba zichapwe kwa wino mmoja. Ukichagua kahawia iliyokolea, rangi hiyo inatengenezwa kwa wino kadhaa, kila mmoja ukiwekwa kwa zamu. Zikipishana kwa milimita 0.1 tu, mstari wa milimita 0.2 unapata kivuli chekundu au cha buluu pembeni, na jina linaonekana kama limetikisika. Nyeusi tupu kwa asilimia 100 haina tatizo hilo.

Sasa fonti za mwandiko, zile zinazoungana kama za kalamu ya wino, Great Vibes na ndugu zake. Hizi zina shida ambayo Kiswahili chetu kinaizidisha. Lugha yetu imejaa m, n, u, w na i, na kwenye mwandiko herufi hizi zote ni vijiti vilivyoungana kwa mawimbi. Andika "umuhimu" au "mwaminifu" kwa fonti hiyo, kisha mpe mtu asome akiwa hatua mbili kutoka kwako. Ataona wimbi. "Imetengenezwa kwa mkono, Moshi" ni maneno mazuri sana kwenye lebo, lakini kwa mwandiko wa pointi 12 hayasomeki, kwa sababu herufi ndogo za fonti hizi ni fupi mno: pointi 12 yake inaonekana kama pointi 7 ya fonti ya kawaida.

Herufi kubwa zake nazo zina hila. I inafanana na J, T inafanana na F. Irene anasomwa Jrene, Tumaini anakuwa Fumaini, na hilo kwenye kadi ya harusi halisameheki. Usiandike kamwe neno zima kwa herufi kubwa za mwandiko. Zimechorwa ili kila moja ianze neno, si kusimama zikiwa zimebanana. Usiongeze pia nafasi kati ya herufi, kwa sababu viungo vinakatika na neno linakuwa vipande. Nafasi ongeza kwenye herufi kubwa za fonti iliyonyooka, asilimia 5 hadi 10. Hapo ndipo jina linapopata hadhi.

Halafu kuna ng'. Mtengeneza mikanda na viatu wa Arusha anayeandika "ngozi ya ng'ombe" aangalie alama ile ya juu. Simu nyingi zinaweka iliyonyooka kama msumari, na kwenye fonti ya kifahari inaonekana imetoka kwingine. Inayotakiwa ni iliyopinda, yenye umbo la 9 dogo lililojazwa. Fonti nyingine hazina alama hiyo kabisa, na programu inaikopa kwenye fonti tofauti bila kukuambia. Kwenye mwandiko, alama huenda ikagongana na herufi ya jirani. Isogezwe kulia kidogo kwa mkono.

Kwa hiyo kwenye kadi ya inchi 5 kwa 7, tunashauri mapambo yabaki kwenye majina ya maharusi tu, pointi 32 hadi 44. Tarehe, ukumbi, saa, namba za simu za kamati na idadi ya wageni kwa kadi vikae kwenye fonti ya wazi, pointi 10 au 11, isishuke chini ya 9. Kadi ya mchango hasa: inasomwa na wazee, mara nyingi usiku, na namba ya kupokelea pesa ikikosewa tarakimu moja mchango unakwenda kwa mtu mwingine. Kwenye lebo, uzito, viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi visiguswe na mapambo hata kidogo. Mstari wa kukunjia karatasi usipite juu ya jina pia, kwa sababu wino wa leza unabanduka pale karatasi inapovunjika.

Hakikisha leseni ya fonti inaruhusu biashara. Zilizoandikwa ni za matumizi binafsi hazifai kwenye bidhaa ya kuuza.

Ukituletea kazi, tuma PDF yenye fonti ndani yake, au herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa maumbo. Bila hivyo kompyuta yetu itaweka fonti nyingine na mpangilio wote utahama. WhatsApp inabana picha, kwa hiyo tuma kama dokumenti. Kabla ya kuchapa kadi zote, tunachapa moja kwa ukubwa halisi kwenye karatasi utakayotumia. Ichukue, ipeleke chini ya taa hafifu, mpe mtu asiyewajua maharusi aisome kwa sauti. Akisita kwenye jina, irudishe. Kwa kazi za Desemba, watu wanaporudi Kilimanjaro na harusi na kipaimara vinapofuatana, sampuli hiyo ichukuliwe mapema, kubadilisha fonti kukiwa bado kunawezekana.