Maua ya Kaskazi, Maua ya Kusi: Kuchagua Shada Linaloiweza Mombasa

Wateja wengi wanaotaka shada la harusi hutujia na picha kwenye simu. Mara nyingi ni ya pioni: ua kubwa, petali juu ya petali, lililopigwa picha kwenye bustani ya Uingereza mwezi wa Mei au Juni. Harusi yenyewe iko Januari, Nyali, ufukweni, saa tisa alasiri. Pioni ni ua la nchi za baridi. Bila miezi ya baridi kali halichanui, na hata huko kwao huonekana wiki chache tu kwa mwaka. Kulileta hapa ni kuliagiza kwa ndege, kwa bei ya kuumiza, kisha kulitia kwenye joto ambalo haliliwezi. Ndipo tunapomwomba mteja aiweke simu kando kidogo, tuzungumze habari ya pepo za msimu: kaskazi, utokao kaskazini, na kusi, utokao kusini.

Utasikia watu wakisema Kenya haina msimu wa maua. Kwa waridi maneno hayo yana ukweli wake. Naivasha iko karibu na ikweta, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na waridi huvunwa huko mwaka mzima. Lakini likishapakiwa gari la usiku na kuteremka karibu kilomita 480 kutoka Nairobi hadi pwani, linaingia kwenye hewa nyingine kabisa. Kwetu Mombasa la kuuliza ni litakaa siku ngapi likishafika, na jibu hubadilika kaskazi ikipisha kusi.

Kaskazi, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo mtihani mkubwa. Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku nao haupoi. Waridi lililokuja asubuhi likiwa limefunguka nusu, adhuhuri limekwisha kufunguka lote. Haidrenjia hulegea ukiiangalia. Juu ya hayo, Februari mashamba yanapeleka mzigo wao Ulaya kwa ajili ya tarehe 14, Siku ya Wapendanao, na Machi kuna Siku ya Mama ya Waingereza, kwa hiyo bei hupanda na mashina marefu huwa shida kupatikana hapa nyumbani. Na kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ikirudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Harusi za Shaabani na za mfungo mosi zote zinabanana ndani ya joto hilo. Mwenye harusi wakati huo namshauri asitegemee waridi peke yake. Kaneshoni, krisanthemamu, alstromeria na statisi huvumilia joto vizuri zaidi, na zikifungwa kwa mkono unaojua kazi hazionekani za bei rahisi hata kidogo. Anayependa sana umbo la pioni, tunampa waridi la bustani lenye petali nyingi, linalolimwa hapa Kenya, tukiliingiza kwenye shada saa za mwisho.

Lakini kaskazi hiyo hiyo inayolitesa waridi ndiyo inayoipa asumini nguvu. Asumini hupenda joto. Miezi hii vichaka hujaa, na akina mama wanaotunga Mji wa Kale huwa na kazi kila jioni. Huchumwa ikiwa bado kitumba cheupe kilichofumba. Jua likitua ndipo inapoanza kufunguka, na harufu hukolea usiku. Kesho yake imeshageuka rangi na kupukutika. Kwa sababu hiyo koja la bibi harusi hatulitungi asubuhi, hata mteja akituhimiza vipi. Vitumba vikifika alasiri tunavifunika kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, tunaviweka mahali penye ubaridi, na sindano huanza kazi magharibi ikikaribia. Bibi harusi anapotolewa saa nne usiku, kila kitumba shingoni mwake kimechanua na ukumbi mzima unanukia. Hilo waridi halitakupa, hata ulinunue kwa bei gani. Ukitaka shada la mkononi liandamane na koja, tunafunga kaneshoni nyeupe katikati, tunazungushia rehani badala ya majani ya bara, na nyuzi za asumini zinaning'inia chini. Bibi zetu walipofunga vikuba vyao, asumini, rehani, kilua na mkadi, walikuwa wakichukua kilichochanua karibu nao siku ile, na mimi naamini walikuwa na haki.

Masika ya Aprili hadi Juni yana adui mwingine: unyevu. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, na waridi lililofungiwa ndani ya nailoni siku kama hizo hushikwa na ukungu wa kijivu. Huanza kama vidoa vidogo vya kahawia kwenye petali za nje, na kesho yake kichwa kizima kimeoza. Siku ya Mama ya kwetu ni Jumapili ya pili ya Mei, kwa hiyo tunalijua tatizo hili vizuri. Tunafunga kwa karatasi, si nailoni, na tunaagiza mzigo siku moja kabla ya ilivyo kawaida, maana barabara ikikatika kwa mafuriko maua hayangoji.

Kusi ikishatulia, kuanzia Julai hadi Septemba, ndio wakati wa kutamani makubwa. Pwani kumepoa. Bara kuna baridi, waridi hukua polepole na vichwa hutoka vinene. Ulaya nayo iko katika kiangazi chake na ina maua yake yenyewe, hivyo bei za huku hushuka. Ukiwa na hamu ya shada la waridi tupu, shina refu, panga miezi hii ukiweza. Tahadhari ni moja: upepo. Kwa sherehe ya ufukweni tunafunga shada fupi lililoshikana, bila majani marefu ya kupeperushwa.

Vuli hatuna mengi ya kusema, mvua zake ni fupi na maua mengi yapo. Ila maembe huanza kujaa sokoni. Embe linaloiva, na ndizi vilevile, hutoa gesi inayozeesha maua, na kaneshoni ndiyo inayoumia zaidi: hukunja petali na kulala. Sinia la matunda lisikae meza moja na chombo cha maua.

Helikonia, anthuriamu na tangawizi nyekundu zinafaa mwaka mzima kwa sababu zinatoka kwenye joto kama letu. Usizitie kwenye friji. Waridi hupenda nyuzi 2 hadi 4, lakini haya ya kitropiki chini ya nyuzi 12 hivi huanza kuwa meusi.

Ukinunua waridi popote, liwe letu au la mwingine, lishike kichwa kwa vidole viwili pale chini, juu kidogo ya vijani vinavyokishikilia. Likiwa gumu, ni jipya. Likibonyea, limekaa. Petali moja mbili za nje zenye kingo za kijani au michubuko si ubovu. Hizo ndizo zilizozilinda petali nyingine njiani, zing'oe taratibu. Kaskazi chukua lililofumba zaidi, kusi lililofunguka nusu.

Kisha maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na hili ndilo linalomaliza mashada mengi majumbani kuliko joto lenyewe. Kingo za majani hukauka, kichwa huinama mapema, na mtu hudhani ameuziwa maua mabovu. Kama sabuni haitoi povu kwenye maji hayo, usiyatie kwenye chombo. Tumia ya kunywa au ya mvua. Kata shina mshazari kwa kisu kikali, kama sentimita 2, ondoa majani yote yatakayozama, na wakati wa kaskazi badilisha maji kila siku.

Unapokuja kuagiza, tuambie tarehe, saa ambayo shada litashikwa mkononi, na mahali: ukumbi wenye kiyoyozi, ukumbi wa feni, uani au ufukweni. Tuambie pia kama litavuka feri ya Likoni, maana foleni ya adhuhuri tunaihesabu ndani ya umri wa ua. Picha ilete pia. Tutachukua rangi na umbo lake, maua tutayatafuta ya msimu. Koja la asumini tunahitaji kulijua siku tatu kabla, ili wachumaji wapate habari mapema.