Seva ya majaribio kwa kikao cha Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane Nyerere Square, twende ukumbini pamoja.

Tafadhali kila mmoja aje na Caddy, programu ya seva ya wavuti, kwenye laptopu. Ni faili moja tu. Ipakueni mapema, bando la mtu mmoja halitoshi kikundi kizima.

Vivinjari huiamini localhost (anwani ya laptopu yenyewe) hata bila HTTPS, yaani muunganisho salama wenye cheti. Ila ukifungua mradi kwenye simu kwa anwani ya IP ya laptopu bila HTTPS, kamera inagoma. Na ukurasa ukiwa wa https, websoketi (njia ya kupokea data papo hapo) ya ws:// inazuiwa, lazima iwe wss://. Programu yetu ya bei za zabibu inahitaji vyote viwili: picha za mzigo na bei zinazobadilika papo hapo. Caddy inajitengenezea cheti cha ndani, na reverse_proxy yake (sehemu inayopeleka maombi kwenye programu yetu) inapitisha websoketi bila mpangilio wa ziada.

Cheti mzizi, yaani kile kinachothibitisha cheti hicho cha Caddy, tutakiweka kwenye kila simu ya majaribio. Ufunguo wake wa siri msimpe mtu, hata humu kikundini: anayeupata anaweza kughushi tovuti yoyote na simu yako ikaiamini.

Asiyeweza kupakua aniambie Ijumaa, nitakuja na flashi.