Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliokusanya Domeini Zetu

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za siku nyingi. Mapato na matumizi mhazini ameshawatumia, na habari za misiba na wagonjwa katibu atazisoma siku ya mkutano, kwa hiyo huko sirudi. Mimi nataka niongelee jambo moja ambalo limeila kamati karibu mwaka mzima, nalo ni domeini, yani yale majina ya websaiti na imeili zetu, maana wengi mmenipigia simu kuuliza mbona imeili za chama zilikuwa hazifiki.

Chama kilikuwa na domeini 4. Kila uongozi ulioingia ulikuja na yake: ya .com ndo ya kwanza kabisa, aliinunua mwenzetu mmoja kwa kadi yake ya benki na kwa jina lake, na Mungu amjalie kwa kweli maana bila yeye tusingeonekana popote, halafu ikaja ya .org, halafu .or.tz, na ile ya .co.tz fundi alituambia tuichukue ili asije mtu akaichukua. Kadi za wanachama zina anwani ya .com, barua za chama zina .or.tz, na websaiti yenyewe ilikuwa inafunguka kwenye zote 4, lakini mbili zilikuwa zinaonyesha kurasa za zamani zenye majina ya viongozi walioshamaliza muda wao. Mtu anatafuta namba ya mhazini, anapata ya mhazini aliyetoka miaka mingi.

Sasa mwaka huu .com ikaisha muda bila sisi kujua. Taarifa za kukumbusha kulipia zilikuwa zinatumwa, ila zilikuwa zinaenda kwenye imeili ya katibu wa zamani ambayo nayo iko humo humo kwenye .com, na domeini ikishakufa na imeili zake zinakufa nayo, kwa hiyo hata yale maonyo ya mwisho yalikuwa hayana pa kufikia. Wanachama wanaotumia anwani ya kwenye kadi waliandika weee, zikawa zinawarudia. Nilijisikia vibaya sana kwa mama mmoja aliyeomba msaada wa matibabu kwa njia hiyo, tukaja kujua baada ya wiki kadhaa.

Mjue inavyokwenda, kwa .com na .org muda ukiisha msajili, yani kampuni inayokusajilia domeini, anaweza kukuachia hadi siku 45 ulipe kawaida, akishaifuta unabaki na siku 30 za kuikomboa kwa faini kubwa, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuigusa, baada ya hapo ni ya yeyote anayewahi. Sisi tuliikamata ikiwa ndani ya zile 30. Faini imeuma, nakiri, lakini kuna wajumbe waliosema tuiache tu si tumeshahamia .or.tz, na hapo ndo nilikataa kabisa. Anayeichukua domeini yako anachukua na imeili zake. Anaweza kufungua mhazini@ ileile, akapokea kila mnachomtumia, na akienda kwenye akaunti yoyote iliyofunguliwa kwa anwani ile akabonyeza "nimesahau paswedi", linki inamfikia yeye. Domeini iliyowahi kubeba imeili za watu usiiache hata kama huitumii.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Jina kubwa ni .or.tz, hilo ndo linaandikwa kila mahali, zingine 3 zinamrusha mtu moja kwa moja kwenye hilo kwa ile 301, yani namba ambayo seva ya websaiti inaitoa kuiambia Google kwamba tumehama jumla, kwa hiyo hata kwenye kutafuta hatugawanyiki tena. Wapo waliotaka .org iwe ndo kuu kwa sababu inajulikana dunia nzima, na hoja yao naiheshimu, ila mimi nakumbuka mwaka 2019 ICANN, yani shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, iliondoa ukomo wa bei za .org na mwaka huohuo shirika linaloendesha .org likataka kuuzwa kwa kampuni ya Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135, ikabidi ICANN waizuie Aprili 2020. Wanachama wetu karibu wote wako Tanzania, .tz inatutosha na inasema tulipo.

Upande wa imeili, ukiandika kwa katibu@ kwenye domeini yoyote kati ya 4 inaingia sanduku moja. Lakini kutuma tunatuma kwa .or.tz peke yake. Mtakumbuka ule ujumbe uliojifanya unatoka kwa mhazini ukitaka ada ilipwe kwenye namba ngeni, ulitoka kwenye jina letu la .org ambalo hakuna aliyekuwa analilinda. Sasa hizo 3 zimewekewa SPF inayosema hakuna seva yenye ruhusa ya kutuma kwa jina hili, na DMARC, yani maagizo kwa anayepokea, ya kukataa imeili yoyote ya hivyo, na .or.tz ina SPF, DKIM (sahihi ya siri inayothibitisha imeili ni yetu) na DMARC zake. Ukiona imeili ya chama yenye .com au .org usilipe chochote, mpigie mhazini.

Domeini zote sasa zimesajiliwa kwa jina la chama, kwa msajili mmoja, tarehe ya kulipia moja. Paswedi wanazo watu watatu, mimi, katibu na mhazini, na imeili ya kupokea taarifa za malipo iko nje kabisa ya domeini zetu. Uongozi ukibadilika inakabidhiwa pamoja na mihuri na vitabu vya benki, naomba mkutano uliweke hili kwenye katiba.

Kadi mpya zitachapishwa hela ikiruhusu. Mwenye ya zamani aendelee nayo, anwani iliyo juu yake inafika.