Saa za Kwenye Tiketi Si Urefu wa Safari

Mama mmoja mwenye kisukari alikata tiketi katika ofisi yetu hapa Mombasa ili aende kumtembelea mwanawe New York. Aliona kwamba ndege ingeondoka Nairobi saa 23:30, yaani saa tano na nusu usiku, na kutua saa moja na nusu asubuhi ya siku ya pili, akahesabu kwa vidole, akapata saa 8, na dawa za mkobani akazifunga kwa kadiri hiyo. Tunashukuru kwamba alituuliza kabla ya kuondoka, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya saa 15.

Kuhesabu alihesabu sawasawa. Ila tiketi huandika kuondoka kwa saa za mji wa kuondokea na kufika kwa saa za mji wa kufikia, na katikati ya mwaka New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7. Kwa hiyo ndege inapoondoka Nairobi usiku, kule bado ni saa kumi na nusu jioni, na hesabu ianzie hapo. Wakati wa kurudi kosa hugeuka: ukiondoka New York saa 12:30 mchana na kufika Nairobi saa 9:30 asubuhi ya kesho yake, utadhani umekaa angani saa 21, ilhali ni 14. Tena, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi tofauti huwa saa 8, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa zao nyuma. Anayekwenda Oktoba na kurudi Desemba tunampigia hesabu mbili.

Kuhusu umbali, ramani ya ukutani hupotosha. Ukiweka rula juu yake, mstari hupita Nigeria na Mali. Ofisini tuna tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30, na mteja akitaka tunamwachia uzi auvute mwenyewe kutoka Nairobi: ukikazwa vizuri, hupanda kaskazini magharibi juu ya Sudan Kusini, Chad, Algeria na Moroko, ndipo uingie Atlantiki. Uzi huo una urefu wa karibu sentimita 28, na kila sentimita ni kama kilomita 425, hivyo tunapata takriban kilomita 11,840, ambazo ni pungufu ya njia ya rula kwa zaidi ya kilomita 300.

Ndege kama Boeing 787 hukata karibu kilomita 900 kwa saa ikiwa juu, na kwa kugawanya utapata saa 13 na kitu. Ongeza muda wa kutembea uwanjani, kupaa na kushuka, kisha uhesabu upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi, ambao huichelewesha ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma inayorudi.

Anayeanzia Mombasa aongeze safari ya takriban saa moja hadi Nairobi pamoja na muda wa kusubiri. Tuletee tiketi yako, hata kama hukuikata kwetu, nasi tutakuandikia safari nzima kwa saa za Nairobi tangu mlangoni kwako hadi unapotua. Na kama unatumia dawa za saa maalumu, karatasi hiyo mwonyeshe daktari wako kabla hujafunga mkoba.